Nyati wa Katavi Hawachezi Rede

Kila ninapotaja bustani ya umma mbele ya watu wa Mpanda, jibu huja kabla sijamaliza sentensi: bustani ya nini, na sisi tumezungukwa na pori? Nimelisikia kwa viongozi, kwa madalali wa viwanja, kwa walimu wastaafu. Nimelisikia hata kwa kijana wa bodaboda ambaye mwenyewe alishinda akisogeza pikipiki yake kufuata kivuli cha ukuta. Jibu hili limerudiwa hadi limekuwa kama sheria ndogo ya halmashauri, tena inayotekelezwa kuliko zile zilizoandikwa. Nataka kulipinga, na nataka kulipingia Kakese, si Kashaulili wala Makanyagio. Katikati ya mji tumeshachelewa. Kakese bado.

Kwanza nilitendee haki. Pori tunalo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina zaidi ya kilomita za mraba 4,400, na Sitalike, yaliko makao yake makuu, ni mwendo wa kilomita zipatazo 35 kusini mwa mji. Wajerumani walilitenga eneo hilo kwa ajili ya wanyama mwaka 1911, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1974, likapanuliwa tena mwaka 1998. Kiangazi kikikaza, viboko hurundikana kwenye madimbwi ya mto Katuma kama magunia ya mpunga stoo, na watu huvuka bahari kuja kuwapiga picha. Sawa. Sasa mtoto wa darasa la pili wa Kakese akitoka shule saa nane mchana, aende akacheze wapi? Nyati hawachezi rede. Hifadhi ina lango, ina kiingilio, ina askari, na ndani yake mtu hatembei kwa miguu kama apendavyo, kwa sababu ambazo simba anaweza kuzieleza vizuri kuliko mimi. Pori lililo nje ya hifadhi nalo lina kazi zake: mizinga, malisho, kuni, mkaa. Kumwambia bibi wa miaka sabini kwamba hana haja ya benchi chini ya mti kwa kuwa miombo ipo ng'ambo ya mto, ni sawa na kumwambia mama wa Karema kwamba hana haja ya bomba kwa kuwa Ziwa Tanganyika limejaa.

Nimechagua Kakese kwa sababu. Kwenye karatasi ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Kwa macho ni mpunga. Msimu wa mavuno barabara hujaa matela na mikokoteni ya maksai, mashine za kukoboa hunguruma, na vumbi la pumba hutua juu ya kila kitu hadi kwenye kikombe cha chai. Wasukuma waliohamia wakifuata ardhi na malisho wamechanganyika humo na Wabende, Wakonongo, Wafipa na wengine. Ukisimama kwenye tuta la jaruba ukatazama kuelekea mjini, unaona mabati mapya yanameta, na kila mwaka yanameta karibu zaidi.

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Katavi, ambao ndiyo kwanza ulikuwa umemegwa kutoka Rukwa, ukiwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi mkoa umezaa na kupokea mkoa mwingine mzima. Watu hao hawakai hewani. Wanakaa kwenye viwanja, na viwanja vinatoka kwenye mashamba. Jaruba la leo ni frem ya keshokutwa. Anayedhani Kakese itabaki kuwa shamba la mji akawaulize wazee wa Makanyagio walikuwa wakilima nini pale penye maduka.

Mpanda haikuzaliwa kama mji wa kukaa. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 kufuata madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa, reli ikabaki kama mgeni aliyesahauliwa na mwenyeji wake. Baada ya risasi zikaja mbao, tumbaku, dhahabu, mpunga. Kwa miaka mingi huu umekuwa mji ambao mtu huja kuchukua kitu. Mji wa namna hiyo hauhitaji bustani, nakubali. Unahitaji ghala, stesheni na nyumba ya wageni. Lakini wale waliokuja kuchukua wamekaa. Wamejenga, wamezika wazazi wao hapa, watoto wao wakiulizwa kwao ni wapi wanasema Mpanda. Kwao sasa ni hapa, na kwao pa mtu hapawi stesheni.

Nilikulia mji mwingine mdogo, ambao sitautaja. Mtaani kwetu palikuwa na kiwanja cha mpira kilichochorwa kwenye ramani kama eneo la wazi. Kikaja kwanza kibanda cha mkaa pembeni, kwa muda tu. Yakaja matofali na nondo za mtu aliyekuwa akijenga ng'ambo ya barabara, kwa muda tu. Kisha goli moja likang'olewa ili lori lipate pa kugeuzia. Baada ya miaka michache ofisi iliyohusika ikaja na hoja ambayo hapakuwa na wa kuijibu: eneo hili halitumiki. Likakatwa viwanja. Leo watoto wa mtaa ule wanachezea barabarani, na mtaa umelazimika kuweka matuta manne ili magari yasiwagonge. Matuta manne ya lami ndiyo bustani yetu.

Tatizo nadhani limo hata katika jina. Shule huitwa shule kwenye ramani kabla tofali la kwanza halijachomwa. Zahanati vivyo hivyo, na kituo cha polisi. Hili letu huitwa eneo la wazi, na watu husikia "tupu". Kitu kitupu humwita mwenye haraka. Sijapata kumsikia mtu akisema ardhi ya makaburi haitumiki kwa sababu waliomo hawaamki. Basi ushauri wangu wa kwanza kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ni halmashauri yenyewe, hauna gharama yoyote: acheni kuandika "eneo la wazi" kwenye michoro ya Kakese. Andikeni "bustani", andikeni "kiwanja cha michezo", andikeni jina la mtu aliyeheshimika pale. Ni vigumu zaidi kumuuzia mtu kiwanja chenye jina la babu wa jirani yake.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni nzito kuliko ya pori, na inasemwa na watu ninaowaheshimu. Nilipomwamkia mzee mmoja mkulima wa Kakese na kumweleza habari hizi, aliniacha nimalize, akasema, "Marahaba, mwanangu. Ila sisi tunadai maji na zahanati, wewe unatuletea maua." Nilinyamaza. Mzee hakukosea, isipokuwa kwa neno moja: nani amesema maua?

Fikra kwamba bustani ni maua ndiyo inayoiua bustani. Tunaona picha za vibao vilivyochongwa, chemchemi ya maji inayorushwa na pampu, nyasi za kunyunyiziwa kila jioni, uzio wa chuma uliopakwa rangi ya dhahabu, kisha tunasema hatuna uwezo. Kweli hatuna, na hatuhitaji kuwa nao. Mji ambao wanawake wanaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya ndoo hauna ruhusa ya kimaadili kumwagilia ua la kupendeza macho. Nikiona bajeti ya halmashauri yoyote ya mkoa huu imetenga fedha za chemchemi ya kurusha maji, nitakuwa wa kwanza kuandika makala ya kuipinga.

Kinachoshindana na zahanati ni fedha. Kinachohitajika kwa bustani leo ni ardhi. Darasa lisilojengwa mwaka huu litajengwa mwaka ujao, kwa shida lakini litajengwa. Kisima hivyo hivyo. Ekari mbili zilizokwisha jengwa nyumba ishirini hazirudi, au hurudi kwa fidia ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka, na mwenye kujua mapato ya ndani ya halmashauri zetu ajisemee mwenyewe lini hiyo itawezekana. Kwa hiyo anayesema "tuanze na zahanati, bustani baadaye" hapangi vipaumbele kama anavyodhani. Zahanati ina baadaye. Bustani haina. Kuweka vigingi vinne na kuandika mstari mmoja kwenye muhtasari wa mkutano hakuchelewi kwa sababu ya dawa, wala dawa hazipungui kwa sababu ya vigingi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watetezi wa bustani huwa wanaliruka. Ardhi ya Kakese si ya hewa. Ni majaruba ya watu, ni ada za shule na mahari. Kumwondoa mkulima kwenye ekari yake ya mpunga, hatua sabini kwa sabini alizozipima baba yake, ili wengine wapumzike, ni dhuluma iliyovaa kijani. Alipwe, tena leo, wakati bei bado ni ya shamba na si ya kiwanja. Au afanyiwe kama inavyofanyika kwa barabara: shamba linapopimwa kuwa viwanja, mwenye shamba huachia kipande cha barabara bila ugomvi mkubwa, kwa kuwa anajua kiwanja kisichofikika hakina mnunuzi. Mwelezeni, kwa hesabu na si kwa hotuba, kwamba kiwanja kinachotazama kiwanja cha michezo nacho kina mnunuzi wake. Hili linawezekana kabla nyumba hazijasimama. Baada ya hapo mnakuta kile wanachokutana nacho wapimaji wa urasimishaji katika kila mji wa nchi hii: nyumba zimebanana, njia imepatikana kwa kukata kibaraza cha huyu na choo cha yule, na penye kustahili uwanja hapana hata pa kutegesha jeneza.

Yapo pia maneno kwamba bustani ni mambo ya Wazungu. Hili huwa linanichekesha, maana linasemwa katika mkoa ambao wote umepewa jina la mti, au tuseme la aliyemo mtini. Wenyeji husimulia habari za Katabi, mwindaji wa kale, ambaye mzimu wake unakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakienda pale kuacha sadaka na kuomba baraka. Ziwa likachukua jina lake, hifadhi ikachukua, mkoa ukachukua mwaka 2012. Sasa sisi, wananchi wa mkoa wa mzimu wa mkwaju, ndio tunaambiana kwamba kukusanyika chini ya mti ni utamaduni wa kuletwa na meli!

Tazameni kaskazini kidogo, njia ya misafara ya Tabora kwenda Ujiji. Historia yake ni chungu, ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo, lakini miembe iliyoota kandokando ya njia ile bado inahesabiwa kuwa alama yake, kiasi kwamba Tanzania ilipoiingiza njia hiyo mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, miembe ilitajwa. Au kumbukeni vijiji vya miaka ya 1970: penye ofisi palikuwa na mti, penye mti palikuwa na mkutano. Wasukuma wa Kakese hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya uwanja. Ngoma ya mashindano baada ya mavuno haichezwi sebuleni. Gulio nalo ni nini kama si bustani ya siku moja kwa wiki, isiyo na choo?

Nakubali kwamba miji yetu ilirithi bustani zilizokuwa na nia mbaya. Dar es Salaam, Mnazi Mmoja iliachwa wazi na wakoloni ili itenganishe: Wahindi upande mmoja, Waafrika wa Kariakoo upande mwingine, na katikati pengo lililoitwa afya. Lakini watu walifanya nini na pengo hilo? Walilijaza. Likawa uwanja wa mikutano, ukasimama juu yake mnara wa Mwenge wa Uhuru, na mahali palipotengwa ili watu wasikutane pakawa mahali pa kukutania. Nia ya mchoraji wa ramani haidumu. Ardhi iliyoachwa ndiyo inayodumu, na hilo ndilo linalonifanya nisiwaogope hata wachoraji wabovu, mradi waache ardhi.

Wapo wasemao watu wataharibu: watang'oa benchi, mbuzi watakula miche, vijana watavuta bangi. Kwa mbuzi nawapa haki yote. Mche usiozungushiwa miiba Kakese ni chakula cha mifugo kilichopandwa kwa heshima zote na viongozi. Ndiyo maana sina imani kubwa na kampeni zetu za miti. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na hesabu inayotangazwa kwa kishindo ni ya miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe, kiongozi akiwa ameshika jembe jipya ambalo bado lina bei. Mimi ningependa kusikia hesabu ya mwezi wa Oktoba: ni mingapi iko hai?

Hesabu ya kuuweka mti hai si ya mafumbo. Tuseme Kakese imetenga ekari mbili na kupanda miti 60, basi, si milioni. Mche mchanga ukipewa dumu moja la lita 20 kwa wiki, miti 60 inataka madumu 60 kwa wiki. Kiangazi cha Katavi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni wiki 26. Hayo ni madumu 1,560 kwa mwaka, kwa miaka miwili au mitatu, hadi mizizi ijitafutie yenyewe. Mkokoteni mmoja wa maksai na kijana mmoja anayelipwa kwa wakati wanaimaliza kazi hiyo asubuhi moja au mbili za kila wiki. Hakuna mfadhili anayehitajika hapo, wala andiko la mradi. Linahitajika jina la mtu mmoja kwenye daftari la malipo, na ndilo linalokosekana siku zote. Tuna fedha za kupanda, hatuna za kumwagilia, kwa sababu kumwagilia hakupigwi picha.

Kuhusu aina ya miti nina mawazo yangu, na afisa misitu anisahihishe. Mwarobaini kwa wenye haraka, kwa kuwa unavumilia ukame na mbuzi hauchangamkii. Mzambarau kwa watoto. Miembe michache tu, maana mwembe wa umma ukizaa huleta mawe, na mawe huleta kesi. Mkwaju mmoja katikati, hata kama unakua kwa madaha, kwa ajili ya jina la mkoa. Mikaratusi hapana, hasa karibu na maji.

Nimesema maji. Wanaodai Kakese haina nafasi ya bustani wasome kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Watu wanakijua kama kifungu cha kufukuzana: mgambo wanakuja, mazao yanafyekwa, mwakani mahindi yako pale pale. Inakuwa hivyo kwa sababu ardhi iliyozuiwa bila kupewa kazi nyingine hubaki kuwa shamba linalongoja mwenye ujasiri. Ipeni kazi. Mstari wa mikuyu na mizambarau kandokando ya kijito, na njia ya miguu kwenda shule na sokoni, ni bustani ndefu kuliko yoyote ambayo mkandarasi atakuchorea, na sheria imekwisha itenga tangu 2004. Mto Katuma unapokauka na viboko kufia kwenye matope, huwa tunalaumiana juu ya majaruba na mifereji ya juu ya mto. Kingo zenye miti hazitamaliza ugomvi huo, lakini zitaonyesha mto unaanzia wapi na shamba linaishia wapi, jambo ambalo kwa sasa hujulikana na mwenye jembe peke yake.

Narudi kwa wavuta bangi. Wanakaa wapi leo, wakati bustani hakuna? Wanakaa kwenye pagala na nyuma ya mashine ya kukoboa. Mhuni hapendi mahali penye watu. Anapenda mahali palipoachwa. Askari bora wa bustani hana kirungu, ana sufuria. Mwekeni mama lishe kwenye kona moja na mchoma mahindi kwenye nyingine, wapeni wazee meza ya bao, jengeni choo cha kulipia kilicho safi na chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na hapo mtakuwa na macho kumi na mawili kuanzia alfajiri hadi usiku. Choo nakisisitiza, hata kama hakipendezi kwenye makala. Bustani isiyo na choo ni ya wanaume peke yao, maana mwanaume hujua ukuta. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hukaa hapo nusu saa tu, kisha huondoka.

Unguja waliliona hili. Forodhani, iliyotengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, haikuwafukuza wauza pweza na urojo ili iwe safi. Iliwapangia mahali, na jioni wao ndio wanaoifanya iwe Forodhani. Mpangaji mwingine angezungusha uzio na kuweka bango la marufuku tisa.

Uzio, kwa kweli, ndio ugonjwa wa wale wanaotuunga mkono nusu nusu. Wanasema sawa, tujenge bustani, lakini tuweke uzio na kiingilio, ijilipe. Wananitajia msitu wa Karura wa Nairobi, wenye uzio wa umeme na tiketi. Karura ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja uliopakana na majumba ya mabalozi. Hauwezi kuwa kipimo cha ekari mbili za Kakese. Kiingilio cha shilingi mia tano kitawazuia hasa wale ambao kwa ajili yao tunaihitaji bustani: mtoto, bibi, kibarua aliyemaliza kupakia magunia. Ushuru wa mama lishe na ada ya choo vinatosha kumlipa mwagiliaji na mfagiaji, kwa sharti moja ambalo baraza la madiwani linaweza kulitungia sheria ndogo: kinachopatikana bustanini kitumike bustanini kwanza. Kikienda chote kwenye mfuko wa jumla, kitarudi kama posho ya kikao cha kujadili hali ya bustani.

Na kama wanataka somo la Nairobi, nitawapa jingine. Bustani ya Uhuru ilifunguliwa mwaka 1969. Miaka ishirini baadaye chama tawala kilitaka kusimamisha ndani yake jengo la ghorofa 60. Halikuitwa wizi, liliitwa maendeleo. Wangari Maathai aliandika barua, akaandika nyingine, bungeni wakamcheka, akafukuzwa kwenye ofisi yake, na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hiyo ni bustani ya mji mkuu, inayojulikana na kila mtu, na bado ilihitaji mtu wa kiwango kile kuiokoa. Kipande cha ardhi cha Kakese hakitapata Maathai. Kitapata dalali mwenye suti, saa sita mchana siku ya kazi, wakati wenyewe wako mashambani. Kwa hiyo ulinzi wake uwekwe mapema, kwenye karatasi na kwenye mazoea: mipaka isomwe kwenye mkutano, nakala ya mchoro ibandikwe ofisi ya kata mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuisoma, watoto waanze kuchezea pale wiki hiyo hiyo hata kama pana visiki. Kiwanja kinachochezewa kila jioni hakiwezi kuambiwa hakitumiki.

Nani afanye? Mtaniambia halmashauri haina watu. Inao. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukopa vikaenda kununua bodaboda, na bodaboda Mpanda zimetosha. Kikundi cha vijana wa Kakese kinaweza kukopa kwa ajili ya kitalu cha miche na mkokoteni wa maji, kikauza miche kwa shule na kwa wenye viwanja, na halmashauri ikakipa mkataba wa kumwagilia. Sisemi ni rahisi. Kikundi kitalalamikia malipo yaliyochelewa, na kitakuwa sahihi, na hapo ndipo diwani atakapoonyesha kama alikuja kwenye upandaji miti kwa ajili ya miti.

Wapinzani wangu watabaki na pori lao, na mimi silidharau. Ni utajiri ambao Dar es Salaam haina. Lakini naomba wafanye jaribio moja. Waende Kakese siku ya gulio mwezi wa Septemba, saa saba mchana, jua likiwa utosini, wawatafute watu wako wapi. Watawakuta wamebanana chini ya miti miwili mitatu iliyosazwa, ambayo haimo kwenye mpango wala bajeti ya mtu yeyote, na ambayo iko siku itakatwa kupisha frem. Kisha wakae nao kidogo, wapewe kiti, wanywe uji, halafu warudie sentensi yao kwa sauti, watu wakisikia.

Mtendaji wa kata ana muhuri, mwenyekiti ana orodha ya mikutano, afisa mipango miji ana kipimo. Mvua za Katavi huanza Novemba. Mashimo sitini yachimbwe Oktoba.